Bi Kihenge na Chupa ya Chumvi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Bi Kihenge alifungua mlango wa ghala. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi. Alioga nao na kulala nao. Aliingia, akazamisha mkono ndani ya gunia la karibu, akachota punje za mahindi kiganjani na kuzitazama. Kisha alifunga mlango, akatoka uani. Hapo ndipo salamu zilipoanza.

"Shikamoo Mama," mkaza mwanawe alimwambia, huku akifagia.

"Marahaba. Watoto wameamka?"

"Wameamka. Wanagombania sabuni."

Jina la Bi Kihenge alipewa na majirani zamani, alipokuwa na kihenge cha fito nyuma ya nyumba, cha kuwekea mahindi. Kihenge kilioza. Mwanawe akamjengea ghala la matofali lenye paa la bati. Lakini jina halikuoza, naye alilipenda. Watu walisema njaa ikipita mtaa ule itabisha hodi kila mlango, ila wa Bi Kihenge itaupita kimya kimya.

Mwanawe alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alishonea barazani. Watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya binti zao wawili wa miaka saba, waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Shamba lao lilikuwa nyuma ya nyumba, likishuka hadi bondeni. Wote walilima, lakini mavuno yakishaingia ghalani, mwenye neno alikuwa Bi Kihenge peke yake.

Mwaka ule mahindi yalistawi. Magunia tisa yalitoka shambani. Lakini mvua ilikawia kuondoka. Jua lilichungulia kidogo, likajificha tena. Mahindi yalianikwa uani, juu ya udongo mtupu, kwa siku nne. Siku ya tano Bi Kihenge aliweka punje kati ya meno na kuiuma. Ikalia, ka.

"Yamekauka," alisema. "Tuyaingize."

Mama Pacha alichukua punje, akaibinya kwa kucha. "Mama, naona kama bado yana unyevu. Tungeyapa siku tatu zaidi."

"Mwanangu, meno haya yalikuwa yanapima mahindi kabla mama yako hajaolewa."

Mama Pacha aliirudisha punje chini. Hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Magunia yakaingizwa, yakawekwa sakafuni, mengine yakaegemezwa ukutani. Pembeni palikuwa na masalia ya mahindi ya mwaka uliopita, yenye fukusi wachache. Bi Kihenge aliyachanganya na mapya ili yasipotee.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Bi Kihenge alizamisha mkono ndani ya gunia, akashtuka. Ndani palikuwa na joto. Alipoutoa mkono, ulikuwa mweupe kwa unga, na fukusi watatu walitembea juu ya vidole vyake. Akafungua gunia lililoegemea ukuta. Harufu nzito ilimpiga usoni. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, zina kuvu la kijani na kijivu.

Akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Angemwambia nini mwanawe? Watu wangesemaje? Bi Kihenge, wa kuozesha mahindi?

Hakumwambia mtu. Siku tatu alijifungia ghalani, akapepeta na kuchambua peke yake. Mama Pacha alipouliza kama asaidiwe, alijibu, "Kazi hii ni ya mtu mmoja." Mahindi yenye kuvu aliyaosha kwa maji, akayaanika nyuma ya ghala pasipoonekana. Yakang'aa kidogo. Akajiambia kwamba yakisagwa na kupikwa vizuri hayatamdhuru mtu. Siku ya nne alijitwika ndoo, akaenda kwenye mashine ya kusaga.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika, msagaji alitia mkono ndani ya ndoo, akanusa, akautoa.

"Bi Kihenge, haya siwezi kusaga," alisema kwa sauti ya chini. "Yatachafua mashine, na yatadhuru watu."

Sauti ilikuwa ya chini, lakini mashine nayo ilikuwa imezimwa. Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Bi Kihenge alitamani ardhi ifunguke immeze.

Katika foleni alikuwapo bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliiacha zamu yake, akaishika ndoo upande mmoja. "Twende nyumbani, Mama," alisema. "Nitakusaidia kubeba."

Walipofika kwenye kona Bi Kihenge alisimama. "Nimeyaosha," alisema. "Nimeyaanika. Tatizo liko wapi?"

"Kuvu hili hutoa sumu, Mama. Tunaiita sumukuvu. Sumu yenyewe huioni kwa macho. Maji hayaiondoi, jua haliiondoi, na moto wa jikoni hauiondoi."

"Hata yakichemka sana?"

"Hata yakichemka kutwa. Inaharibu ini. Anayeila nyingi anaweza kuugua ghafla na kufa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata saratani ya ini. Watoto ndio huumia zaidi, hata kukua kwao hudumaa."

Bi Kihenge aliwafikiria wale wawili wanaogombania sabuni. Akaitua ndoo chini.

"Basi nitawapa kuku," alisema polepole.

"Kuku nao wataumia. Na sumu inaweza kupita kwenye nyama na mayai, ikarudi mezani kwako. Mama, mwenye kuficha maradhi, kifo humuumbua. Waambie wa nyumbani leo. Kesho asubuhi nitakuja tuyatazame pamoja."

Jioni ile, kabla ya kula, Bi Kihenge aliwaita mwanawe na mkewe barazani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo maneno yalimpa tabu.

"Mahindi yameharibika," alisema. "Nimejua tangu siku nne zilizopita. Nikaficha. Leo nilikaribia kuwalisha sumu."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Mama Pacha hakusema "nilikwambia." Bi Kihenge aliingoja kauli hiyo, na haikuja. Basi akaivua ile kamba nyeusi shingoni, akaiweka mapajani mwa mkaza mwanawe.

"Shika ghala wewe. Uliona nisichokiona."

Mama Pacha aliushika ufunguo, akautazama, kisha akamrudishia mama mkwe kwa mikono miwili. "Ghala ni lako, Mama. Mimi nikipewa ghala, cherehani atashona nani? Ninachoomba ni kimoja. Kazi hiyo tuifanye wote."

Kesho yake bibi shamba alikuja na daftari na kipande cha kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Waliyatoa magunia yote nje. Matatu yaliyoegemea ukuta yalikuwa na kuvu.

"Nikichambua punje mbaya?" Bi Kihenge aliuliza.

"Hata zinazoonekana nzima zimekaa na wenzao wagonjwa. Siwezi kuziamini. Haya yote tunayafukia mbali na kisima."

Fundi baiskeli alichimba shimo. Magunia matatu, pamoja na yale mahindi yaliyooshwa, yakaingia ardhini, na Bi Kihenge alisimama pale mpaka udongo wa mwisho. Sita yaliyobaki yalikuwa makavu zaidi. Yalikuwa na fukusi, lakini hayakuwa na kuvu. Hayo waliyapepeta, wakayaanika tena vizuri, wakaanza kuyala bila kukawia.

Hayakufika mavuno mengine. Mwezi wa mwisho familia ilinunua unga kwa kibaba kama majirani wengine. Bi Kihenge alitumwa dukani mara moja. Mwenye duka alimtazama, akampimia unga. Ilikuwa safari fupi, lakini alirudi kama mtu aliyetoka mbali.

Masika yakaja na kupita. Walipalilia, wakafukuza ndege, na pacha mmoja akadondokea mtaroni akitazama upinde wa mvua. Mahindi yalipoanza kukauka shambani, bibi shamba alirudi.

"Sasa tuanze na nyumba ya mahindi," alisema. "Huwezi kumvisha mtu nguo safi kabla hajaoga."

Walifagia ghala kila pembe, wakachoma takataka zote. Fundi baiskeli aliziba nyufa za ukuta kwa saruji. Alitengeneza chaga ya mbao, ili magunia yakae juu ya sakafu, tena mbali na ukuta. Safari hii mahindi hayakuanikwa kwenye udongo. Yalitandazwa juu ya turubai.

Siku ya tatu ya kuanika, mbingu ilibadilika ghafla. Upepo ulivuma kutoka bondeni, na wingu jeusi likasogea kama mtu aliyekasirika. Bi Kihenge alikuwa wa kwanza kuliona.

"Turubai," aliita. "Kila mtu kwenye kona yake."

Mama Pacha alikimbia na futi ya kupimia nguo shingoni. Fundi baiskeli alikuja na gurudumu mkononi, hajui aliweke wapi, akalivaa begani. Mteja wake akaacha baiskeli ikiwa imeelekeza magurudumu juu, akakimbilia kona ya tatu. Kona ya nne waliishika pacha wawili, kila mmoja akidai yeye ndiye anayevuta.

"Kunjeni kuelekea katikati," Bi Kihenge aliamuru. "Taratibu. Mwaga punje moja uone."

Tone la kwanza liliangukia pua yake wakati wanavuka kizingiti. Mvua ikashuka kwa nguvu juu ya bati. Wote walikaa sakafuni kuzunguka mahindi, wanahema. Mteja alitazama nje, akaona kiti cha baiskeli yake kinaoga.

"Nilikuja kuziba pancha tu," alisema. Walicheka mpaka machozi.

Mvua ilipoisha mahindi yalirudi juani. Baada ya siku nyingine nne Bi Kihenge alichukua punje, akaiuma. Ikalia, ka.

"Kwa meno yangu, yamekauka," alimwambia bibi shamba.

"Tuulize na chupa."

Bibi shamba alitoa chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Akatia vijiko viwili vya chumvi kavu. Akaongeza mahindi mpaka karibu nusu ya chupa, akafunga kifuniko, akaitikisa vizuri. Kisha akaiweka kivulini.

"Tusubiri kama dakika kumi na tano," alisema. "Chumvi inapenda maji. Punje zikiwa na unyevu, chumvi italowa na kugandia kwenye kioo. Zikiwa kavu, itaanguka yote chini."

Walisubiri. Pacha walilala kifudifudi, macho kwenye chupa kama paka mbele ya tundu la panya. Muda ulipotimia Bi Kihenge aliinyanyua, akaielekeza kwenye mwanga. Vichembe vyeupe vilikuwa vimeganda kwenye kioo pande zote.

Aliigeuza chupa, akaitazama tena. Kisha akacheka, kicheko cha chini kilichotikisa mabega.

"Basi kumbe meno haya yamenidanganya miaka yote," alisema. "Na mengine yalishahama."

Mahindi yakapewa siku mbili zaidi. Chupa ikaulizwa tena kwa mahindi mengine na chumvi nyingine. Safari hii kioo kilibaki kitupu, safi.

"Ongeza siku moja ya jua kwa usalama," alisema bibi shamba, "halafu yaache yapoe kabla ya kuyafunga."

Kisha akawaonyesha mifuko mizito ya plastiki isiyopitisha hewa, inayoingia ndani ya gunia. Walijaza, wakakandamiza mpaka hewa ikatoka, wakasokota mdomo wa mfuko na kuukunja. Kufunga ilikuwa kazi ya fundi baiskeli. Alikata mipira ya ndani ya magurudumu makuukuu, akafunga kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Fukusi nao wanapumua," bibi shamba alieleza. "Wakikosa hewa, wanakufa bila dawa. Lakini Mama, usifungue kila asubuhi. Kila ukifungua, unawaletea hewa."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Wiki za kwanza Bi Kihenge aliingia ghalani asubuhi, mkono ukamwasha. Akajifunza kuyapigapiga magunia mgongoni kama watoto wachanga, akatoka.

Mahindi waliyoacha nje kwa kula yalipokwisha, walifungua gunia la kwanza, mwezi wa saba tangu kuyafunga. Mama Pacha alishika taa, pacha wakashikana mikono. Punje zilitoka ngumu, zinang'aa, hazina harufu wala unga. Bi Kihenge alizimimina kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, na hakuna aliyemharakisha.

Habari zilienea. Bibi shamba akaomba kuleta wakulima kumi na wawili kutoka upande wa pili wa bonde. Walipofika, alikaa nyuma kabisa, akamwambia Bi Kihenge aeleze yeye.

Bi Kihenge alisimama mlangoni mwa ghala. Alivaa gauni jipya lililoshonwa na mkaza mwanawe kwa ajili ya siku hiyo.

"Nitaanza na aibu yangu," alisema, "kwa sababu ndiyo iliyonifundisha." Akawaeleza juu ya masalia aliyoyachanganya na mapya, ndoo, foleni, na shimo la magunia matatu. Hakuruka kitu. Baadaye akatikisa chupa mbele yao. Maswali yalikuwa mengi, naye aliyajibu moja baada ya jingine.

Mzee mmoja aliuliza, "Na haya yote umefundishwa na nani?"

"Chupa nilifundishwa na yule bibi shamba kule nyuma. Kusikiliza nilifundishwa na huyu." Akamwonyesha Mama Pacha kwa mkono wazi, mbele ya watu wote.

Mama Pacha aliinamisha uso, lakini tabasamu lilimshinda. Mumewe, aliyekuwa amesimama kando yake, alijifuta jicho akasema ni vumbi.

Ulikuwa mwezi ambao nyumba nyingi zilishaanza kununua unga kwa kibaba. Wageni hawakuruhusiwa kuondoka na njaa. Pacha waligawa maji ya kunawa, Mama Pacha akapakua ugali wa mahindi ya ghala lile, na Bi Kihenge akapita kila mkeka akihimiza watu waongeze. Walikula, wakaongezwa, wakashiba. Sahani zote zilirudi jikoni tupu.