Skrini ya Baba Pacha na Draya Yangu

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ina viti viwili, kioo kikubwa, beseni la kuoshea nywele, na draya moja ya kusimama. Draya hiyo ndiyo mkono wangu wa kulia. Bila draya, mteja ataoshwa asubuhi na kuondoka jioni na kichwa kibichi. Atarudi tena? Thubutu!

Mume wangu, Baba Pacha, ni seremala. Ni mtu mwema, sikatai. Lakini akishika lake ameshika, hata umwambie nini.

Zamani bili yetu ya umeme ilikuwa ya kubahatisha. Msoma mita akikuta geti limefungwa, anakadiria tu. Kisha shirika la umeme likatufungia mita janja. Mita hiyo hujisoma yenyewe na kutuma hesabu ofisini. Tulipewa pia skrini ndogo ya kuweka ndani. Skrini inatuonyesha umeme tunaotumia.

Baba Pacha aliipenda skrini ile kuliko redio yake. Aliiweka mezani, karibu na sahani.

"Sasa anayetumalizia umeme ataonekana," alisema.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakuipenda hata kidogo. Akaifunika kwa kitambaa.

"Sitaki kitu kinachonichungulia nikila," alisema.

Bili ya kwanza ya mita mpya ikaja. Safari hii haikuwa ya kukadiria, na ilikuwa kubwa. Baba Pacha akaanza upelelezi. Kila kitu kikiwashwa, anakimbilia skrini.

Siku moja nilikuwa na mteja. Nikawasha draya. Baba Pacha akatokea mlangoni, skrini mkononi.

"Mama Pacha, nimemkamata mwizi!"

"Mwizi gani?"

"Draya yako. Ukiiwasha, namba inaruka. Ukiizima, inashuka. Ushahidi gani tena unautaka?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, mume wangu."

"Kazi gani ya kutufilisi? Mwezi ukiisha, draya inauzwa."

Alisema hivyo mbele ya mteja. Niliona aibu, na niliumia sana. Kumnyang'anya msusi draya ni kumfungia saluni. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Mama mkwe akanifuata.

"Nyamaza, mwanangu," aliniambia. "Huyu nimemzaa mimi. Kichwa chake kigumu kuliko mbao zake."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikarudi kumaliza nywele za watu.

Wiki iliyofuata alikuja mteja wangu wa siku nyingi. Tunamwita Fundi, kwa sababu kazi yake ni kufunga mita za umeme. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Nikamwosha, nikamfunga rola, nikamweka chini ya draya. Baba Pacha alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Tukamsikia akipiga kelele kutoka ndani.

"Imeruka tena! Nilisema mimi! Hiyo draya itatuua!"

Fundi akatoa kichwa chini ya draya, rola zimejaa kichwani.

"Shemeji, hebu njoo na hiyo skrini. Hapo unaona nini?"

"Naona draya inavyokula umeme."

"Unaona inavyokula sasa hivi. Draya inakula kwa pupa, lakini inakula muda mfupi. Bili haihesabu pupa peke yake. Inahesabu jumla. Umewahi kutazama jumla ya siku?"

"Jumla? Iko wapi?"

"Bonyeza hapa."

Baba Pacha akabonyeza. Zikatokea siku za wiki, kila siku na jumla yake.

"Jumapili saluni inafunguliwa?" Fundi aliuliza.

"Haifunguliwi," nilidakia.

"Sasa linganisheni Jumapili na Jumamosi."

Tukatazama. Jumapili ilikuwa imepungua kidogo tu.

"Haya, shemeji," Fundi alisema. "Jumapili draya imelala. Nani aliyekula?"

Baba Pacha akakuna kichwa.

"Tumtafute," Fundi alisema. "Zimeni kila kitu. Chomoeni kila waya."

Nikazima draya. Baba Pacha akazima taa, redio na friji ya jikoni. Tukarudi kwenye skrini. Namba ilikuwa imeshuka, lakini haikufika sifuri.

"Bado kuna mlaji," Fundi alisema.

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na lile sanduku la marehemu je?"

Tukatazamana. Kwenye baraza ya nyuma, chini ya vipande vya mbao, kulikuwa na friza la marehemu baba mkwe. Alikuwa na bucha. Alipofariki, Baba Pacha alilileta nyumbani, akalichomeka, na halikuzimwa tena. Tukafunua mfuniko. Ndani mlikuwa na chupa mbili za maji, na barafu nene imeganda pande zote.

Fundi akapitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko.

"Mpira umekatika. Baridi inatoka, joto linaingia. Kwa hiyo mashine yake haipumziki, mchana na usiku. Chomoa, shemeji."

Baba Pacha akachomoa. Skrini ikaonyesha sifuri.

Hakuna aliyecheka. Baba Pacha aliweka mkono juu ya friza.

"Ni la baba," alisema polepole.

Nilimhurumia, jamani. Hasira zote ziliniisha.

"Mkumbuke baba yako, shemeji," Fundi alimwambia. "Lakini unaweza kumkumbuka bila kulichomeka."

"Huyo baba yako mwenyewe," mama mkwe alisema, "alikuwa haoni taa inawaka bure akanyamaza. Angelikuta hili, angekuchapa na ukubwa wako!"

Hapo Baba Pacha akacheka, akafuta macho.

Nikamuuliza Fundi, "Kwa hiyo mita hizi zina faida, au ni kelele tu?"

"Mama Pacha, kioo chako kinasuka nywele?"

"Wapi! Kinaonyesha tu palipopinda. Kusuka ni mikono yangu."

"Na mita ni hivyo hivyo. Haipunguzi bili yenyewe. Inaonyesha umeme unakwenda wapi, na inaondoa bili za kubahatisha. Mkiitazama bila kubadilisha kitu, mtalipa vile vile. Tena wakati mwingine mtandao unakatika, hesabu haifiki, na ofisi inakadiria. Kwa hiyo bili ikija, ilinganisheni na namba ya mita."

"Na kunichungulia je?" mama mkwe akauliza.

"Haina jicho wala sikio, mama. Inajua umeme kiasi gani umetumika, na saa ngapi. Lakini hata hiyo ni habari ya nyumba yenu. Ukitaka kujua nani anaisoma, nenda ofisini kaulize."

"Nitauliza. Tena na fimbo yangu nitakwenda nayo."

"Sawa, mama. Sasa washeni umeme nikauke. Mnanizeesha na rola kichwani!"

Baba Pacha alilifanyia friza kazi ya useremala. Aling'oa mfuniko kwanza, ili mtoto asije akajifungia ndani. Akalisimamisha, akaweka mbao za rafu. Leo liko saluni, limejaa taulo zangu. Draya haikuuzwa.

Bili iliyofuata ikaja. Ilikuwa imepungua, kweli kweli. Baba Pacha aliisoma, akailinganisha na namba ya mita kama tulivyofundishwa, kisha akaenda kuninunulia soda. Kuomba msamaha kwa mdomo hajui, lakini soda ile niliielewa.

Jumamosi iliyopita saluni ilijaa. Nikawasha draya. Siku hizi mlinzi wa skrini ni mama mkwe. Kile kitambaa alikiondoa mwenyewe. Nikamsikia akiita kutoka ndani:

"Baba Pacha! Imeruka!"

Baba Pacha alikuwa anarekebisha mguu wa kiti changu kimoja. Wateja wote wakageuka kumtazama. Hakuinua hata kichwa.

"Iache ipande, mama," alisema. "Mke wangu yuko kazini."