Mama Mkwe Alinivuta Kwa Laini ya Komunyo

"Toka hapo! Wewe Msabato, hii mwili ya Bwana si chapati!"

Sweta yangu ilivutwa nikarudi nyuma hatua mbili... Padri akabaki na mkono hewani. Kanisa lote hapa Chepseon likageuka!

Aliyenivuta ni mama mkwe wangu, Priscah. Siku ya misa ya kumkumbuka baba mkwe, jameni!

Mimi ni Nyabate, Mkisii, Msabato tangu tumboni. Kwetu meza ya Bwana iko wazi kwa kila Mkristo. Sikujua Wakatoliki wanapokea wenyewe tu. Kosa langu, sawa. Lakini kunivuta kama mbuzi?

Nikarudi kwa benchi nikilia. Halafu nikaona kitu... Priscah mwenyewe hakupokea!

"Kwani mama hapokei?" nikamwuliza bwanangu, Kipkosgei.

"Tangu mwaka juzi. Anasema magoti inauma, hawezi piga magoti aungame, na bila kuungama hapokei."

Mwaka juzi!

Ndio mwaka Kipkosgei alinifukuza, eti natembea na karani anayepima majani ya chai. Nilikaa kwa mamangu Nyamira miezi tano, mtoto akabaki huku. Hajawahi kuniambia nani alimletea hiyo umbea.

Jumamosi iliyofuata kanisani kwetu ilikuwa meza ya Bwana. Kabla ya mkate, wanawake tunaoshana miguu, na kama kuna kinyongo mnapatana kwanza. Nimevua viatu... mlango ukafunguka.

Priscah! Na beseni mkononi!

Yale magoti mgonjwa yakapiga simiti, paap!

"Nyabate, maneno ya karani nilitunga mimi. Sikutaka Mkisii kwa boma yangu. Nimeenda kuungama, Padri akasema nianze kwako."

"Mama, mtoto wangu aliniita auntie niliporudi!"

"Najua. Nisamehe."

Akashika mguu wangu auoshe. Nikauvuta, maji yakamwagika.

"Sikusamehe! Toka!"

Akatoka na viatu zimelowa, akaenda akamwambia Kipkosgei kila kitu. Jumapili akapanga laini, akapokea.

Na mimi? Ile Jumamosi mkate ulinifikia, nikasema hapana. Ningekula aje na hasira hivyo? Miezi tatu baadaye meza ikarudi. Nikasema hapana tena.

Sasa anayebaki kwa benchi ni mimi!

Wasomaji wangu, ukiona mtu ameketi wenzake wakipokea, usimcheke. Hujui amebeba nini.

Beseni aliiacha. Iko hapa jikoni. Kutupa siwezi, na kumrudishia bado sijaweza.