Abaya Chini ya Godoro

Mtaani walimwita Mama Povu, na yeye hakuwa na kinyongo. Povu la beseni lake lilitoka uani, likapita mlangoni kwa jirani wa kwanza, likapita kwa wa pili, likaishia mferejini. Asubuhi, kabla watu hawajanywa chai, ungesikia burashi yake: kwaru, kwaru, kwaru. Alifua nguo kama zimemtukana.

Mumewe alikuwa seremala. Siku moja alivua shati ili aoge. Alipotoka bafuni, shati lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji.

"Mama Povu," alisema, "iko siku na mimi utaniloweka."

"Ukiwa na madoa, nitakuloweka," alijibu mkewe.

Walikuwa na binti mmoja. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ualimu na kupata kazi kwenye shule ya watoto wadogo. Jumatatu angeanza. Asubuhi hiyo angesimama mbele ya wazazi wote, mwalimu mkuu amtambulishe. Baba yake alikuwa ameshaanza kumwita Mwalimu, na jina likamganda.

Mwalimu alijua atakachovaa siku hiyo. Angevaa abaya ya bibi.

Bibi huyo ndiye aliyemzaa Mama Povu. Abaya yake ilikuwa ya pamba nzito, ndefu, pana, yenye vifungo mbele. Aliivaa miaka mingi. Aliivaa kwenye furaha na kwenye misiba. Alipofariki, aliiacha ikiwa nyeusi tii, kana kwamba imeshonwa juzi. Alimwachia mjukuu wake kwa kauli yake mwenyewe, watu wakisikia.

Sasa ajabu ni hii. Abaya iliyodumu miaka yote hiyo kwa bibi ilianza kupauka mara tu ilipoingia nyumba ya Mama Povu. Mwalimu alikuwa akiivaa kwenda mafunzoni. Akirudi tu na kuivua, hajakaa sawa, abaya iko kwenye beseni. Ikawa nyeusi ya kawaida, kisha nyeusi ya kuchoka. Mwalimu aliona, lakini utamwambiaje mama yako kwamba anafua sana? Akaona heri aifiche. Akaikunja vizuri na kuiweka chini ya godoro lake, ingoje Jumatatu.

Alhamisi Mama Povu aliamua kuanika magodoro. Aliinua godoro la bintiye, akaiona. Akainusa. Ilikuwa na harufu kidogo ya jasho.

"Maskini mwanangu," alisema peke yake. "Amechoka mpaka anasahau nguo chafu chini ya godoro."

Na kwa mapenzi yote ya mama, aliiua.

Alichemsha maji. Akamimina sabuni ya unga bila kupima, maana kupima ni kwa wavivu. Akailoweka. Akaisugua kwa burashi mabegani, viwikoni na kwenye pindo lililokuwa linaburura chini. Akaikamua kwa kuisokota mpaka mishono ikalia. Kisha akaianika kwenye jua la mchana, upande wa nje ukiwa juu, akaisahau huko mpaka alasiri.

Alipoianua, hata yeye alishtuka. Mabega yalikuwa na rangi ya chai. Mistari ya sabuni ilikuwa imekaukia kifuani. Pindo lilikuwa limefumuka, nyuzi zinaning'inia.

Mwalimu alirudi akaikuta mikononi mwa mama yake. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama," alisema taratibu, "sikuisahau. Niliificha."

"Uliifichia nini?"

"Nilikuwa naificha isifuliwe."

Mama Povu aliketi kwenye kigoda. Neno lilimchoma. Kumbe mtoto wake mwenyewe alikuwa anamkimbizia nguo, kama mtu anavyoficha mboga paka asiione.

Jioni seremala alijaribu kumtuliza. "Mke wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto atavaa nyingine."

"Nyingine ipi? Nguo zake nyingine zote nimezifua mimi," alijibu Mama Povu. "Na haya si maji, ni nguo. Jumatatu mwanangu ataivaa."

Seremala alimjua mkewe. Akaenda kulala.

Asubuhi ya Ijumaa, kwa mara ya kwanza, mtaa haukusikia burashi. Mama Povu alikuwa ameshafika kwa fundi cherehani, nyumba ya nne kutoka kwake. Fundi huyo walimwita Kimya, kwa sababu alikuwa anaongea tangu anaamka mpaka analala. Alikuwa amezoea kushona huku pini ziko mdomoni, na hata pini hazikumzuia.

"Leta nione," alisema Kimya. Akaishika abaya, akaipeleka dirishani, akaingiza mkono ndani ya mkono wa nguo. "Unaona nini hapa kwenye kiwiko?"

Mama Povu akatazama. "Naona vidole vyako."

"Haya. Nguo ya stara, na vidole vyangu vinahesabika. Umeisugua mpaka imekuwa chujio. Watu wanadhani stara ni urefu wa nguo tu. Kitambaa kikichakaa, hata kikiburura, kinaonyesha."

Mama Povu alihisi aibu ikimpanda. "Lakini usafi ni sehemu ya imani. Mtu anaswali na nguo hii."

"Ni kweli, na sikupingi. Ila hakuna aliyesema usafi huo ufanywe kwa burashi ya kusugulia sakafu. Jasho si najisi, dada yangu. Nguo ikiguswa na najisi, unaosha. Ikiwa na vumbi, unaikung'uta. Ikiwa na doa, unafuta doa, huadhibu nguo nzima."

"Sasa mama yangu alikuwa anafanyaje? Mbona kwake haikupauka?"

Kimya akatoa pini mdomoni. Hilo alilifanya kwa mambo mazito tu.

"Mama yako alikuwa anakuja kwangu, anakaa hapo hapo ulipo, ananisimulia. Alivaa fulana nyepesi na sketi ya ndani, vinyonye jasho yeye asipate tabu. Hivyo ndivyo vilifuliwa kila siku. Abaya aliitundika kivulini ipigwe na upepo. Ikichafuka kweli, aliigeuza ndani nje, akaifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa mikono. Akaisuuza mpaka maji yawe safi. Hakuisokota, aliiminya. Akaianika kivulini, bado imegeuzwa. Na pasi aliipiga upande wa ndani."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Alisema ulimjibu kwamba yeye ni mzee, mikono haina nguvu."

Mama Povu alikumbuka. Kweli alisema hivyo, tena akicheka. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Inafaa au haifai?" aliuliza. "Niambie moja."

Kimya aliigeuza abaya ndani nje na kuitandaza mezani. Wote wawili wakainama. Upande wa ndani ulikuwa bado mweusi. Jua na burashi havikuwa vimefika huko.

"Kitambaa hiki kina sura moja pande zote mbili," alisema Kimya. "Tunaweza kuigeuza. Tunafumua mishono yote, vipande vinatengana, tunashona upya ndani ikiwa nje. Zamani watu walifanya hivyo. Siku hizi tunatupa."

"Basi igeuze."

"Kushona nitashona Jumapili. Kufumua sina muda. Angalia sare zilizojaa hapa. Na kufumua ndiko kazi."

"Nipe wembe," alisema Mama Povu.

Akaketi kwenye mkeka mlangoni kwa fundi. Kimya akamwonyesha: unakata uzi mmoja, unaruka miwili, unakata tena, kisha unauvuta uzi wa upande wa pili unatoka wenyewe. Usivute kitambaa.

Loo, hapo ndipo alipopata taabu. Mikono yake ilijua kusugua, kukamua na kukung'uta. Haikujua kubembeleza. Mshono wa kwanza ulimchosha kuliko shuka kumi. Jirani mmoja alipita, akasimama.

"Mama Povu, leo unaumwa? Mfereji umekauka."

"Nimo masomoni," alijibu bila kuinua kichwa.

Alipofika kwapani, uzi uligoma. Zamani ulikuwa umeshonwa mara mbili. Mama Povu akasahau, akavuta. Kitambaa kikachanika urefu wa kidole.

Ndani, cherehani ilisimama. Kimya akatoka, akatazama, akawa kimya kweli. Mtaa mzima ungeshangaa.

"Nimeimaliza," alisema Mama Povu kwa sauti ndogo.

"Hujaimaliza. Umeiongezea kazi." Kimya akaketi kando yake. "Pindo la chini ni pana, nitakata kipande humo niweke kwapani. Hata hivyo kwapa ndilo linalotangulia kuoza. Lakini pindo litapungua, na viwiko vinataka kitambaa cha kutilia ndani. Una chochote cha pamba, kizito?"

Mama Povu alikuwa nacho. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa mtandio wake wa kijivu. Ulikuwa mtandio wake mzuri kuliko yote, mnene, wa kutokea. Aliupenda. Hakuwa ameufua mara nyingi kwa sababu hakuuvaa mara nyingi, ndiyo maana ulikuwa mzima. Aliutazama kidogo tu. Kisha akaupeleka kwa Kimya, akamwambia akate.

Jumamosi yote alifumua. Alikwenda polepole, akikata mmoja na kuruka miwili. Alipumzika kuswali, akarudi. Hakuchana tena. Jioni vipande vya abaya vilikuwa vimelala mezani kwa Kimya, kimoja juu ya kingine, kila kimoja safi bila uzi.

"Mikono yako inasikia sasa," alisema Kimya.

Jumapili cherehani ililia tangu asubuhi. Kimya alishona mwili, akatia kipande kwapani, akaweka kitambaa cha kijivu ndani ya viwiko. Katika mtandio uliobaki alitoa utepe mpana. Akauzungusha kwenye mikono na chini kwenye pindo.

"Utepe huu ndio utakaolika badala ya nguo," alieleza. "Ukichakaa, unafumua utepe, unaweka mwingine. Nguo inabaki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na nimeipunguza urefu, ifike kwenye vifundo vya miguu, isifagie barabara. Stara haitaki kufagia."

Jioni Mama Povu aliibeba mwenyewe. Bintiye alikuwa chumbani, anapiga pasi gauni lake la zamani. Mama aliitundika abaya kwenye mlango wa kabati.

Mwalimu aliitazama muda mrefu. Ilikuwa nyeusi. Kijivu cha mikononi kilikaa vizuri, kama fasheni iliyokusudiwa. Akagusa utepe.

"Mama, huu si mtandio wako?"

"Ulikuwa."

"Na vifungo viko upande mwingine."

"Imegeuzwa. Iliyokuwa ndani iko nje. Nimeifumua mimi, kila mshono, isipokuwa palipochanika, napo nilipachana mimi." Akamshika mkono. "Mwanangu, nilidhani nakupenda kwa kufua. Sikukuuliza. Nisamehe."

Mwalimu alimkumbatia mama yake mpaka pasi ikaanza kunuka kwenye gauni la zamani, wakaikimbilia wote wawili, wakicheka.

Jumatatu alisimama mbele ya wazazi. Seremala na Mama Povu walikuwa kwenye benchi la nyuma. Mwalimu mkuu alipomtambulisha, binti alisogea mbele, amenyooka, mtandio umetulia, abaya haikugusa vumbi. Mzazi mmoja alimwegemea Mama Povu na kumnong'oneza, "Abaya nzuri hiyo. Ameinunua wapi?"

"Ni ya marehemu mama yangu," alijibu Mama Povu, na sauti yake ilikuwa na fahari, wala hakuificha.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika nyumbani. Beseni lilibaki, lakini burashi ilihamia sakafuni, mahali pake. Nguo za ndani zilifuliwa kila siku. Abaya na mitandio ilipunga upepo kivulini. Pini zenye kutu zilitupwa, kwa sababu zilikuwa zinatoboa mitandio na kuacha madoa. Uzi ukichomoka, ulishonwa jioni hiyo hiyo. Sabuni ya unga ilidumu mpaka seremala akauliza kama mkewe amegoma. Majirani nao walianza kuja, mmoja na abaya iliyopauka, mwingine na sketi iliyochanika, na Mama Povu aliwakalisha mkekani na kuwapa wembe.

Lakini kitu kimoja hakuwa amekifanya. Hakuwa ameinua tena godoro la bintiye. Aliogopa atakachokikuta.

Siku ya kuanika magodoro ilifika. Alisimama mlangoni kitambo. Kisha akaingia, akashika ukingo, akainua. Chini yake palikuwa na mbao tu.

Alikuwa bado ameshikilia godoro Mwalimu alipoingia kutoka kazini. Abaya yake ilikuwa na chaki kifuani na alama ya kiganja kidogo chenye rangi nyekundu kwenye mkono. Akaivua, akabaki na fulana na sketi yake ya ndani, akamnyooshea mama yake abaya kwa mikono miwili.

"Mama, watoto wamenichafua leo. Naomba unifulie."

Mama Povu aliipokea. Aliipeleka dirishani, akaitazama mbele na nyuma. Akaikung'uta chaki. Akachovya kitambaa kwenye maji baridi, akaifuta ile rangi, taratibu, mpaka ikatoka.

"Haina uchafu wa kufuliwa," alisema, akaitundika kivulini. "Kesho utaivaa."