Nukta ya Tatu

Fundi wa kola aliamka na shuka imelowa jasho. Aliigeuza haraka ili mume wake asione. Akatoka nje kupiga mswaki, na hapo kikohozi kikamkamata. Alikohoa akiwa ameinama, mkono mmoja ukutani.

"Mama, umemeza nini?" binti yake wa miaka sita aliuliza.

"Vumbi la uzi tu, mwanangu. Kavae viatu."

"Kila siku unameza vumbi. Kwani kazini hamli chakula?"

Mama alicheka. Kicheko nacho kikageuka kikohozi.

Mume wake alitokea mlangoni. "Hicho kikohozi kina muda gani sasa?"

"Siku mbili tatu, baba watoto."

Alidanganya. Zilikuwa wiki tatu. Sababu ya uongo wake ilikuwa imetundikwa ukutani, kule kazini.

Alifanya kazi katika ukumbi wenye mashine arobaini. Walishona mashati ya sare za shule. Mmoja alishona mikono, mwingine vifungo. Yeye alishona kola. Madirisha ya ukumbi hayakufunguliwa mwaka mzima, kwa kuwa vipande vya kola ni vyepesi. Upepo ukiingia, vyote huwa sakafuni.

Karibu na mlango palikuwa na ubao mweupe wenye majina ya mafundi wote. Fundi akikosa kazi kwa ugonjwa, msimamizi huchora nukta nyekundu mbele ya jina lake. Nukta tatu ndani ya mwaka, basi, hupewi mkataba mwingine.

Msimamizi huyo walimwita Kengele. Alining'iniza funguo nyingi kiunoni, na zililia kila alipotembea. Walimsikia kabla ya kumwona.

Fundi wa kola alikuwa na nukta mbili. Ya kwanza aliipata kwa homa. Ya pili aliipata alipopasuliwa jipu la kidole, maana kola haishonwi kwa mkono mmoja. Mwaka ulikuwa umebakiza wiki sita. Kazi ya mume wake ilikuwa kubeba mizigo sokoni, leo ipo, kesho haipo. Nukta ya tatu ingeitoa familia nzima kwenye chumba chao.

Jirani yake kwenye mashine aliitwa Safi, kwa sababu mstari wake ubaoni ulikuwa safi. Miaka minne hakuwa na hata nukta moja. Kila mwisho wa mwaka Kengele aliwaambia wote wampigie makofi. "Huyu ndiye mfanyakazi! Mwigeni huyu!"

Lakini Safi alikuwa amekonda. Sketi yake aliishika kwa pini. Alikoholea kipande cha kitambaa, kisha akakificha mfukoni. Siku nyingine mikono ilimtetemeka hata uzi ukagoma kuingia kwenye sindano.

"Nifunike leo tu, shoga yangu," alinong'ona asubuhi hiyo.

"Nitakufunika. Lakini umekwenda kupima?"

"Nipime niambiwe nilale nyumbani? Mimi nikianza kuchorwa nukta, zitafika tatu, na nimekwisha."

Kufunikana kwao kulikuwa hivi. Kila furushi la mashati lilifungwa tiketi yenye namba ya fundi. Shati likiwa na kasoro, tiketi huonyesha limetoka kwa nani. Safi akizidiwa, fundi wa kola alishona kola za wote wawili. Kisha aliyafunga baadhi ya mafurushi kwa tiketi ya Safi. Jioni Kengele aliona mafurushi yamejaa na mstari safi. Hakuona mtu anayetetemeka.

Siku hiyo funguo zililia nyuma yao. Fundi wa kola alibana pumzi. Kikohozi kilimpanda kooni kama moto. Machozi yakamtoka.

"Unalia?" Kengele aliuliza.

Alitikisa kichwa. Hakuthubutu kufungua mdomo.

"Bado wiki sita. Wewe na nukta zako mbili, jichunge."

 Funguo zilipofika mbali, alikohoa ndani ya kola aliyokuwa akiishona. Kisha akaitazama. Kuna mtoto wa mtu ambaye angeivaa shingoni.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta binti yake akicheza peke yake. Alikuwa amepanga midoli mitatu ukutani, na ameshika kipande cha mkaa.

"Wewe umekohoa," alimwambia mdoli. "Nakuchora! Wewe pia umekohoa. Nakuchora!"

Halafu mtoto mwenyewe akakohoa. Mara moja, mara mbili. Akajiziba mdomo haraka na kumtazama mama yake kwa hofu.

"Mama, usinichore. Ni vumbi tu."

 Mama hakuvua hata viatu. Alimbeba mtoto, akavuka ua mpaka kwa jirani. Jirani huyo alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikuwa akianika sare zake.

"Dada Muuguzi, nisaidie. Mtoto anakohoa."

"Tangu lini?"

"Leo."

"Na wewe?"

 Mama alisema ukweli wote: wiki tatu, jasho la usiku, hamu ya kula iliyokwisha. 

Muuguzi alishusha ndoo. "Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, akapime makohozi. Inaweza kuwa kifua kikuu. Sisemi ndicho. Kipimo ndicho kitakachosema."

"Nikiwa nacho nitakufa?"

"Kinatibika. Unakunywa dawa miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Asiyetibiwa ndiye tunayemhofia. Huenea kwa hewa, mtu anapokohoa. Chumba kilichofungwa madirisha hukisaidia sana kuenea."

Fundi wa kola aliyaona akilini madirisha ya ukumbi wao. Aliwaona na watu arobaini.

"Nikienda kupima, nitapata nukta ya tatu."

"Nukta gani tena? Una surua?"

Alimweleza habari za ubao. Muuguzi aliacha utani. "Mkataba wako unasemaje kuhusu ugonjwa?"

"Sijui. Nilitia saini tu. Tulikuwa wengi kwenye foleni."

"Utafute. Na kesho asubuhi njoo na mtoto, tuwapime wote."

Mkataba ulikuwa chini ya sanduku la nguo. Mume wake aliusoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alikuwa amejua kusoma mwaka uliopita tu. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama.

"Sikiliza. 'Mfanyakazi mwenye cheti cha daktari hatahesabiwa kuwa mtoro.'" Alisoma tena. "Hakuna nukta humu, mke wangu. Nimetafuta. Hakuna."

Asubuhi walikwenda zahanati. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alipewa dawa za kinga. Baba naye alipimwa, akawa mzima. Mama alikutwa na kifua kikuu, akapewa dawa na cheti cha daktari.

"Usiingie ukumbini mpaka daktari akuruhusu," muuguzi alisema. "Na wale uliokaa nao karibu lazima wapimwe. Nani anakaa jirani yako?"

Hapo ndipo woga ulipomkaba kweli. Akimtaja Safi, anamchafulia mstari. Akieleza habari za tiketi, yeye mwenyewe anaweza kufukuzwa kabla ya nukta. Asipowataja wote, wataendelea kuvuta hewa ile.

Walikwenda kazini watatu: mke, mume na muuguzi. Fundi wa kola alisimama uani, penye upepo, amefunika mdomo na pua kwa barakoa. Funguo zililia. 

Kengele alikipokea cheti. Akakisoma. Mkono wake ukaenda mfukoni na kutoka na kalamu nyekundu.

"Pole sana, mama. Lakini sheria ya ubao unaijua."

"Ya ubao ninaijua," mume alisema. "Hii je?" Akafungua mkataba na kusoma kwa sauti, neno kwa neno. Hakukosea hata moja.

Kengele alikuna kichwa. "Na wanaojifanya wagonjwa, niwafanye nini?"

"Anayekosa mara nyingi, mwite faraghani umuulize," muuguzi alijibu. "Akileta cheti, ni mgonjwa. Asipoleta, mshughulikie yeye. Usimwadhibu mgonjwa kwa kosa la mwongo."

"Ubao unasaidia. Mtazame Safi. Miaka minne!"

Fundi wa kola alipiga moyo konde.

"Bosi, nimekuwa nikifunga tiketi isiyo yangu. Kola nyingi za Safi nimeshona mimi. Hana nguvu. Alianza kukohoa kabla yangu. Anaogopa ubao wako, na mimi nilikuwa namficha. Nilidhani namsaidia." Alianza kulia. "Nifukuze ukitaka. Lakini wapime wote. Leo."

 Kalamu bado ilikuwa mkononi mwa Kengele.

"Ubao ulihesabu siku alizokuja," muuguzi alisema taratibu. "Haukumuuliza amekujaje."

Kengele alitazama mlango wa ukumbi, kisha madirisha yaliyofungwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mnadhani mimi nina raha? Na mimi nina ubao wangu, uko ofisini kwa mkubwa. Ukumbi wangu ukikosa watu wengi, nachorwa mimi." Alirudisha kalamu mfukoni. "Nimefanya kazi miaka yote hii humo ndani na hewa hiyo. Nina watoto."

Siku ile mafundi wote walipimwa. Safi alikutwa mgonjwa, na fundi mmoja wa vifungo. Wote walianza dawa. Ukumbi ulikwama siku kadhaa, na mkubwa mwenyewe akaja kuuliza kulikoni. Kengele alimpa mkataba na ukurasa wa pili umekunjwa. Halafu akamwonyesha daftari la tiketi. Wenye nukta nyingi hawakuwa washonaji wabovu. Katika mashati yaliyorudishwa kwa kasoro, tiketi ya fundi wa kola ilionekana mara chache kuliko zote.

"Kumbe huyu ndiye tuliyekuwa tunataka kumfukuza?" mkubwa aliuliza.

Fundi wa kola alirudi daktari alipomruhusu, na dawa aliendelea nazo. Safi alirudi baadaye. Siku hiyo alisimama mlangoni akitazama ukuta. Palikuwa na alama nyeupe ya mraba na matundu manne ya misumari.

"Ubao uko wapi?"

"Ulianza kukohoa," fundi wa vifungo, aliyekwisha kurudi, alisema. "Umekwenda kupima, haujarudi."

Walicheka. Madirisha yalikuwa wazi. Juu ya kila rundo la kola palikuwa na chupa ya maji, ili upepo usipeperushe kitu.

Saa sita mchana mikono ya Safi ilianza kutetemeka. Alisogea karibu. "Shoga yangu, nifunike leo tu."

"Sikufuniki tena. Nenda kamwambie."

"Naogopa."

"Najua. Nenda."

Safi alisimama. Mashine zote zilinyamaza. Alitembea kati ya meza, ameshika pini ya sketi yake, mpaka mbele ya Kengele.

"Sijisikii vizuri," alisema. Sauti haikufika mbali.

Kengele alitoa kalamu mfukoni.  Ilikuwa ya bluu. Alimwandikia ruhusa, akampa.

"Nenda zahanati, mama. Mashine yako haitoroki."

Safi aliitazama karatasi. Kisha, kwa mazoea, akageuka kutazama ukuta. Hapakuwa na kitu. Akatoka.

Fundi wa kola alichukua tiketi ya Safi, akaitundika kwenye mashine ya mwenzake huyo iliyonyamaza. Hakuifunga kwenye furushi lolote. Akashona kola zake mwenyewe.