Jagi la Maji Mchana wa Ramadhani

Asubuhi za Mastura zilifanana. Aliamka kula daku, akaosha vyombo, akafagia uwanja, akateka maji kisimani, kisha akavaa sare na kwenda shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Mwaka huo wa 1972, Ramadhani iliangukia Oktoba, na Oktoba ndio wakati korosho zinapoanguka. Kwa hiyo alasiri, akiwa na njaa na kiu, alikwenda shambani na baba yake, Abdulrahmani, kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo. Kijiji chao kilikuwa karibu na Mahurunga. Upepo ulipovuma kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, walisikia milio ya vita vya Msumbiji. Hakuna aliyeacha kuokota kwa ajili hiyo.

Zamani kazi nyingi kati ya hizo zilikuwa za mama yake, Mwaisha. Tangu masika mama alikuwa amelala, uso ukielekea ukutani. Hamisi, mdogo wake Mastura, alikufa kwa surua mwezi wa Machi. Watu walikuja, wakalia, wakasoma hitima, wakarudi mashambani. Baba naye alirudi shambani. Mama hakurudi. Hakuoga mpaka aogeshwe. Usingizi ulimkatikia kabla ya alfajiri na chakula alikisukuma kando. Miguu yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto. Siku moja alimwambia Mastura, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningelala nisiamke, mngepumzika." Mastura alimpelekea baba maneno hayo, na baba akatafuta lori la kwenda Mtwara.

Daktari wa mjini alimwuliza mama maswali mengi, na mama alijibu machache. Kisha alimwambia Abdulrahmani kwamba huu ni ugonjwa, na una dawa. Leo tunauita sonona. Alitoa vidonge vidogo vya manjano, kimoja kila jioni.

"Nisikilize vizuri," alisema daktari. "Dawa hii haifanyi kazi kesho. Itachukua wiki tatu, pengine nne au zaidi. Lakini usumbufu wake huanza mara moja. Mdomo utakauka, atasinzia, choo kitakuwa kigumu, na akiinuka ghafla atapata kizunguzungu. Mtaona kama hali inazidi kuwa mbaya. Msiiache. Akae na maji karibu, anywe kidogo kidogo mchana kutwa."

"Mchana kutwa?" aliuliza Abdulrahmani. "Ramadhani inaingia wiki hii."

"Asifunge. Amekonda mno. Akiendelea kutokula, hatafika mwakani."

Waliporudi, baba alimpa Mastura kazi mbili. Mama apate kidonge chake baada ya futari, na jagi la maji lisikauke.

Usumbufu ulikuja kama daktari alivyosema. Ulimi wa mama ulinata kinywani hata maneno yake machache yakawa hayasikiki vizuri. Asubuhi aliamshwa kwa shida. Alipoinuka alishika ukuta. Uso wake haukubadilika. Ndani ya nyumba kulikuwa na joto, kwa hiyo Mastura alimtandikia mkeka barazani na kuweka jagi jeupe la bati kando yake.

Hapo ndipo Salma alipomwona. Salma alikuwa jirani na walisoma darasa moja. Alikuja kumwita Mastura waende kisimani, akamkuta Mama Mastura anakunywa maji, jua likiwa utosini. Waliondoka pamoja. Aliyasema yote kisimani, mbele ya wenzake.

"Jamani, kumbe kwa akina Mastura mwezi bado haujaandama!"

"Kwa nini?" wenzake waliuliza.

"Mama yake kobe! Tena si kobe wa kujificha jikoni. Kobe wa barazani!"

Wasichana walicheka. Katika kijiji kile, kuitwa kobe, yaani mtu anayekula mchana wa Ramadhani, ilikuwa aibu hata kwa mtoto mdogo.

"Mama yangu anafunga," alisema Mastura. "Alikuwa anasukutua."

"Anasukutua na kumeza?"

Walicheka tena. Mastura alijitwika ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka.

Alipofika nyumbani alichukua jagi. Alilipeleka ghalani, akaliweka nyuma ya magunia ya korosho. Kisha akarudi barazani na kuchutama mbele ya mama yake.

"Mama, watu wanaona. Vumilia mchana tu. Magharibi nitakupa maji, unywe unavyotaka."

Mama alimtazama. Hakubishana. Alikuwa hana nguvu ya kubishana juu ya jambo lolote, na Mastura alilijua hilo alipokuwa akisema.

Jioni baba alirudi, akafuturu, akaona jagi liko mahali pake, kidonge kimemezwa na maji yamenyweka. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu, Mastura alipotoka shule, alimkuta mama amelala chini kwenye mlango wa jikoni, damu ikimtoka juu ya jicho. Kata ya kuchotea maji ilikuwa mkononi mwake. Mtungi wa jikoni ulikuwa mtupu, kwa sababu Mastura hakuujaza asubuhi ile.

Alipiga kelele. Majirani walikuja, wakamwinua mama na kumfunga kidonda kwa kitambaa. Baba aliitwa kutoka shambani. Kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa yale yale: dawa.

"Alikuwa analala tu," alisema baba. Mikono yake ilikuwa bado myeusi kwa utomvu wa korosho. "Sasa anaanguka. Hii ni dawa ya namna gani? Kesho navirudisha vidonge vyao."

Mama aliyasikia hayo. "Virudishe," alisema. "Havinisaidii kitu."

Mastura alisimama karibu na mlango. Alijua jambo ambalo, isipokuwa mama yake, hakuna aliyelijua. Angenyamaza, vidonge vingerudishwa, na mama angegeukia ukuta kama zamani. Angesema, kila mtu angejua aliyemwangusha mama yake. Usiku ule hakusema.

Asubuhi alikwenda pamoja na wazazi wake zahanati. Mama alipanda nyuma ya baiskeli, baba akaikokota. Mganga wa zahanati, Bwana Kasiani, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani. Alisafisha kidonda, akakishona, akampima mama uzito, akaosha mikono. Baba aliweka kichupa cha vidonge juu ya meza.

"Bwana Mganga, nimevirudisha. Vitamwua mke wangu."

Bwana Kasiani hakukigusa kichupa. "Ameanguka wapi? Saa ngapi?"

"Nyumbani. Mchana."

"Alikuwa amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi?"

"Maji yapo. Jagi liko pale pale alipolala."

"Sikuuliza kama yapo. Nimeuliza kama alikunywa."

Baba alimgeukia mama. Mama aliangalia sakafu. Mastura alihisi mdomo wake mwenyewe umekauka.

"Hakunywa," alisema. "Jagi halikuwepo. Nililificha mimi."

"Ulilificha wapi?" aliuliza baba taratibu.

"Ghalani. Nyuma ya magunia. Siku tatu." Alipoanza hakuweza kuishia hapo. "Walimwita kobe, baba. Salma alimwona. Walicheka wote."

Baba alinyanyuka. Bwana Kasiani akamwonyesha kiti, na baba akakaa tena.

"Basi sasa tunajua," alisema Bwana Kasiani. "Sikiliza, Mzee Abdulrahmani. Dawa hii humfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka. Hilo ni kweli. Lakini mtu ambaye hakunywa maji mchana kutwa, katika joto hili, tena asiyekula, kizunguzungu chake huwa kikubwa zaidi. Ungevirudisha vidonge, ungeondoa kitu kimoja kinachoweza kumsaidia na kuacha kiu palepale."

"Na saumu?"

"Mimi si Mwislamu. La saumu muulizeni mwalimu wenu. La dawa niulizeni mimi." Alimgeukia mama. "Mama Mastura, unapotaka kuinuka, kaa kwanza kitandani. Hesabu polepole mpaka ishirini. Ndipo usimame, ukiwa umeshika kitu. Mdomo ukikauka, nyonya ukwaju. Kula papai kwa ajili ya choo. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Lakini sioni faida yake."

"Bado huwezi kuiona. Nayo ni sehemu ya ugonjwa."

Baba alikichukua kichupa. Njiani hakumpiga Mastura wala hakumsemesha, na Mastura aliona ingekuwa afadhali angempiga.

Jioni ile Mwalimu Shaibu, aliyewafundisha watoto katika chuo cha Kurani, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Baba alimweleza yote. Mwalimu alimwita Mastura.

"Nilikufundisha watu walioruhusiwa kutofunga. Nitajie."

"Mgonjwa," alisema Mastura. "Msafiri. Mzee asiyejiweza. Mwenye mimba. Anayenyonyesha."

"Mama yako ni yupi kati ya hao? Msafiri?"

Mastura aliitazama bandeji ya mama yake.

"Unalo jibu kichwani, ila hukulitumia, kwa sababu mama yako hana homa wala bandeji. Sasa anayo bandeji. Ilibidi aipate ndipo umwone mgonjwa?" Akageuka kwa baba. "Atazilipa siku zake akipona. Asipopona, mtalisha maskini. Mpeni maji."

Kuanzia siku ile jagi lilikaa barazani, upande unaoonekana kutoka njiani. Salma alipopita alisimama.

"Bado tu anakunywa?"

"Anaumwa. Anameza dawa."

"Anaumwa nini? Mbona tunamwona yuko vile vile?"

"Ana ugonjwa wa huzuni."

"Huzuni nayo ni ugonjwa? Mimi mbona nikihuzunika napona kesho yake?"

"Wewe umehuzunika. Yeye anaumwa."

Salma aliinua mabega na kwenda zake. Aliendelea kucheka kisimani, na wengine walicheka naye. Mastura aliacha kuwajibu. Hakupata rafiki mpya kwa sababu ya ukweli wake, na maji yalikuwa mazito kichwani kama siku zote.

Nyumbani nako hapakuwa na jambo la kufurahisha. Mama alimeza kidonge kila jioni, akanywa maji, akanyonya ukwaju, akaketi kabla ya kusimama. Hakuanguka tena. Basi. Uso wake ulibaki ule ule. Kusinzia kulipungua, lakini aliutumia muda alioamka kuitazama miguu yake. Baba aliokota korosho bila kuzungumza. Mara moja Mastura alimsikia akijiambia, "Labda ndivyo atakavyokuwa." Hata Mastura alianza kuamini hivyo. Alijaza jagi kwa sababu ilikuwa kazi yake, si kwa sababu alitarajia kitu.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, Mastura alichemsha maji kwa kuni mbichi, kwa kuwa zile kavu zilikuwa zimekwisha. Aliyapoza, akayatia kwenye jagi, akampelekea mama. Mama alionja, akakunja uso.

"Nani kachemsha maji haya? Yananuka moshi."

Baba alikuwa anashona gunia uwanjani. Sindano ilisimama mkononi mwake. Tangu Machi, Mwaisha hakuwa amelalamikia chochote, wala chakula kilichoungua, wala mvua iliyovuja kitandani.

"Mimi, mama," alisema Mastura.

"Siku nyingine funika sufuria," alisema mama, akanywa, akageukia ukuta.

Siku waliyopangiwa kurudi zahanati ilipofika, Ramadhani ikiwa bado haijaisha, Bwana Kasiani alimpima uzito mama, akampima shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama.

"Unalala?"

"Mpaka alfajiri. Zamani nilikuwa naamka kabla yake."

"Unakula?"

"Kidogo." Kisha mama akaongeza, "Sijapona, Bwana Mganga."

"Sikusema umepona. Dawa haitamrudisha mwanao, na huenda bado kuna miezi mibaya. Uzito wako hautelemki tena, na unalala. Hayo ndiyo ninayoweza kuyathibitisha leo. Endelea na dawa. Usiiache siku utakayojiona nafuu, wala siku utakayokata tamaa, mpaka daktari akuambie."

Kisha alivua miwani na kumtazama Mastura.

"Na wewe jifunze hili. Ungelificha lile jagi siku chache zaidi na kunyamaza, baba yako angetupa vidonge, na mimi ningeandika kwamba dawa haikumfaa. Tungekosea wote, kwa sababu ya jambo moja tusiloambiwa. Mgonjwa wa moyo uliozimika ni mgonjwa sawa na mwenye mguu uliovunjika, ila yeye hana cha kuwaonyesha watu. Anayemwuguza asione aibu kwa niaba yake. Ile aibu yako haikumpa mama yako hata tone la maji."

"Ndiyo, Bwana Mganga," alisema Mastura.

Walirudi wakati wa adhuhuri. Baba aliikokota baiskeli, safari hii ikiwa tupu, kwa sababu mama alisema atajaribu kutembea. Walikwenda polepole. Karibu na kijiji, watu waliotoka msikitini walikuwa wengi njiani, na Salma alikuwa miongoni mwa watoto waliocheza pembeni. Mama alikaa kwenye jiwe, akapumzika. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Nipe maji," alisema.

Mastura alifungua chupa ya maji aliyokuwa ameibeba, akampa, akasimama kando yake mpaka alipomaliza kunywa. Kisha mama alikaa wima, akahesabu kimoyomoyo, akamshika binti yake bega, na kusimama.