Pikapu Iliyomkataa Shemeji

Pikapu ikiwa tupu, ilichaji vizuri. Mita ilisoma volti kumi na nne na injini ikanguruma bila wasiwasi. Lakini shemeji, mwenye gari, akikaa kwenye usukani, mita ilishuka hadi kumi, taa zikafifia, injini ikakohoa na kuzima.

Fundi Waya, mwanamke aliyewafundisha kazi nusu ya mafundi wa mtaa ule na kuwacheka nusu iliyobaki, hakuamini mashetani. Aliamini waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari. Akausugua mpaka ukang'aa, akakaza mkanda, akafungua alteneta inayochaji betri na kukagua kaboni zake. Vyote vizima.

"Shuka," akasema. Ikachaji.

"Panda." Ikazima.

"Labda ni huu uzito wangu," shemeji akasema, akijichekesha. Alikuwa mume wa marehemu dada yake Fundi, seremala mwenye maneno matamu kuliko kazi zake.

"Gari haligomi kwa sababu ya kitambi, shemeji. Imeanza lini?"

"Tangu tumzike mke wangu."

Fundi akaikumbuka siku ya kifo. Siku ile dada yake alianza kutokwa damu asubuhi, mimba ikiwa ya miezi mitano. Shemeji akamwambia mkewe gari limekufa, akatoka kwa miguu kutafuta teksi. Alirudi na teksi saa sita, kwa maiti.

"Na siku ile? Ilikuwa na nini?"

"Betri tu. Ilikufa."

Mwongo mwenye akili hamdanganyi fundi kwa kitu alichokifunga kwa mikono yake. Betri ile Fundi aliifunga mwenyewe, mpya, wiki mbili kabla ya msiba. Akaifungua, akaibeba hadi mezani, akaigusisha nyaya za mita. Volti kumi na mbili na nusu. Betri haikuwahi kufa. Akabwaga spana mezani kwa hasira.

Nyuma yake, pikapu isiyo na betri ikawaka.

Akageuka. Shemeji alikuwa bado ndani, ameshika kitasa cha mlango, na kitasa hakikufunguka. Harufu ikaanza kutoka madirishani, harufu ya ngozi mpya na damu ya moto, ikajaa gereji nzima mchana ule wa jua kali mpaka nzi wakaja, wengi, wakatua juu ya kioo upande wa abiria peke yake, na katika spika ya redio ambayo waya zake zilikatwa miaka mingi iliyopita ikasikika sauti ya mwanamke akihema, akihema kama mtu anayejikaza asipige kelele mbele ya wageni.

"Mwambie," ikasema sauti ile, na Fundi akaijua.

"Shemeji, nifungulie!" Mume wa dada yake alikuwa amebana midomo kwenye ufa wa dirisha, ananong'ona. "Nifungulie, nakuomba."

"Anataka uniambie nini?"

"Viti," akasema, machozi yanamtiririka. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimevivalisha ngozi mpya. Niliona ile damu... nikasema acha nitafute teksi. Sikujua itakuwa vile, wallahi sikujua!"

Boneti ilikuwa wazi. Fundi alijua la kufanya, fundi yeyote angelijua: injini ya petroli hata ikiwashwa na jini lazima ivute hewa, na ukiziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa inakabwa na kufa. Kitambaa alikuwa nacho. Akasogea mpaka joto la injini likamgusa uso, akakikunja mara mbili, akasikia shemeji akisema asante, asante dada yangu, na neno hilo dada likamchoma kuliko yote.

Akajifuta mikono kwa kitambaa hicho. Akafunga boneti.

Pikapu ikatoka gerejini polepole, usukani ukijizungusha mwenyewe na shemeji akigonga kioo, ikashika njia ya hospitali kwa mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote.

Saa kumi muuguzi akapiga simu. Shemeji yake ameletwa na pikapu getini, akasema, hana jeraha hata moja, ila mwilini hamna damu, yote imelowa kwenye kiti.

"Pole sana, mama. Angewahishwa kidogo tu, tungemwokoa."

"Najua," akasema Fundi Waya.