Aliyetembea kwa Mwendo Wake

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Tulikuwa kwenye ghala tupu la mabati lenye mlango mmoja, tukirekodi video ya wimbo wake wa kwanza. Dairekta, ambaye tulimwita Bosi Kata kwa jinsi alivyopenda kusema "kata" kusimamisha kamera, alitaka ule ujanja mnaouona kwenye TV: mwimbaji anaimba sawasawa na muziki, lakini nywele na gauni vinaelea kana kwamba yuko majini. Si uchawi. Wimbo unapigwa kwa kasi maradufu, mwimbaji anaukimbiza kwa midomo, halafu picha inapunguzwa kasi mpaka midomo ilingane na wimbo wa kawaida. Kazi yangu ilikuwa spika. Dada aliposikia sauti yake ikilia kama kifaranga alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, tukapoteza nusu saa kumpaka upya.

Tukarekodi mara tatu. Ya tatu ilipokwisha, dada alijishika kisogo akauliza nani amefungua mlango, maana amehisi upepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Alasiri tukakaa ofisini kwa Bosi Kata kutazama. Akapunguza kasi. Dada akaelea, vumbi likaelea, hata nzi alipita kwa kujivuta. Nyuma kabisa, mlangoni, palikuwa na mtu. Fulana nyeupe yenye doa jekundu kifuani, kichwa amekiinamisha, mkononi ana stendi ya taa. Alikuwa anakuja. Na alitembea kwa mwendo wa kawaida.

Hebu fikiria. Kila kitu kimepunguzwa nusu, yeye hajapungua. Maana yake mle ghalani alikwenda mara mbili ya mwendo wetu, na hakuna aliyemwona. Katika picha ya kwanza alikuwa mlangoni. Ya pili, katikati ya ghala. Ya tatu, nyuma ya dada, stendi ameiinua juu ya kisogo chake. Picha iliishia hapo, kwa sababu hapo ndipo Bosi Kata aliposema kata.

Nilisema tuache. Niliogopa na sikuona haya kuogopa. Bosi Kata akasema anahitaji picha moja tu safi, na kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, ingawa yeye hakuwa anainama popote. Dada akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "miaka tisa naitikia nyimbo za watu. Nikiuacha huu, sina mwingine. Wewe nilindie mlango tu."

Nikamwahidi.

Kesho yake asubuhi tukarudi. Bosi Kata alinipa fulana nyeupe, eti irudishe mwanga usoni kwa dada. Nikaivaa bila kufikiri. Akili yangu yote ilikuwa mlangoni. Nikaitegesha spika ijipigie yenyewe, nikatafuta kitu cha kupigana nacho. Kilichokuwepo ni stendi ya taa ya akiba, ya chuma. Nikasimama mlangoni nayo.

Wimbo ukaanza. Kifaranga kikalia. Dada akakimbiza maneno, akazunguka, akatabasamu.

Ndipo nikamwona. Kwa macho yangu. Fulana nyeupe, nyuma ya dada. Stendi juu.

Nikakimbia. Sikumbuki hatua hata moja. Nikapiga kisogoni pake kwa nguvu zangu zote. Mfupa ukalia. Nikapiga tena. Ukabonyea. Damu ikanirukia kifuani, ya moto. Nikapiga mara ya tatu.

Akaanguka. Nikasikia bangili zikigonga sakafu.

Zilikuwa bangili za dada.

Hapakuwa na mtu mwingine. Spika iliendelea kulia kama kifaranga. Bosi Kata hakusema kata.

Polisi tuliwaambia stendi ilimwangukia. Mama naye tukamwambia hivyo hivyo, akaamini, akanishika mkono kaburini muda wote. Mkono ule ule. Nilitamani aniulize mara ya pili, hakuniuliza.

Baada ya siku saba Bosi Kata aliniita, akapunguza kasi ya picha ya nne. Dada anaelea. Vumbi linaelea. Mimi natoka mlangoni kwa mwendo wa kawaida, kichwa nimekiinamisha. Tukarudi kutazama zile tatu za mwanzo. Hapakuwa tena na mtu, si mlangoni wala nyuma ya dada. Bosi Kata akaichomoa kadi ya kamera akanitupia, akaniambia nisikanyage tena kwake.

Kadi iko kwenye droo yangu, na droo naifunga kwa ufunguo. Hatukurekodi picha ya tano, lakini ya tano imo kwenye kadi. Ni chumba changu hiki. Nimekaa kitandani, nikipepesa macho polepole sana. Nyuma yangu mlango uko wazi, na kizingitini amesimama dada na gauni lake, kichwa amekiinamisha, mkononi ana stendi. Anapiga hatua moja, kwa mwendo wa kawaida, na picha inaishia hapo.

Jana nilikuta ya sita. Amefika katikati ya chumba.